Uzi: Kuoanisha draiva na taa za LED za kukuzia mimea ndani. Anza na mkondo, wati zitafuata

MicheNaMwanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Kuna swali linalojirudia kila wanapokutana watu wanaokuza mimea ndani: "Nina taa ya LED ya wati 100, nitafute draiva ya wati ngapi?" Naomba tulijadili kwa kina, maana swali hilo limeanzia mwishoni. Kuchagua draiva, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa ukutani kuwa ule unaofaa LED, kwa wati peke yake ni kama kumnunulia mtu viatu kwa kumpima uzito. Wati hupatikana baada ya kujua mambo mawili: chipu zako zinahitaji mkondo kiasi gani, na zikiwa na mkondo huo zinakaa kwenye volti ngapi.

LED haina tabia za balbu ya zamani. Balbu ukiipa volti zake inachukua mkondo wake na kutulia. LED chini ya volti fulani haipitishi karibu chochote, na ukivuka hapo, kila nyongeza ndogo ya volti inaleta ongezeko kubwa mno la mkondo. Chukua Samsung LM301B, chipu nyeupe iliyoenea sana kwenye bodi za mimea. Kwa miliampea 65 inakaa kwenye volti 2.75 hivi. Kikomo chake ni miliampea 200. Mkondo ukipanda kutoka 65 hadi 200, mara tatu, volti hazijaongezeka hata nusu volti. Kwa hiyo ukijaribu kuitawala chipu hii kwa volti, kosa dogo la volti linakuwa kosa kubwa la mkondo. Ndiyo maana draiva nzuri ya taa za mimea kazi yake ya kwanza ni kushika mkondo usicheze.

Tufanye hesabu. Tuseme bodi yako ina chipu 288, zimepangwa mistari 18, na kila mstari una chipu 16 kwa mfuatano. Ukitaka kila chipu ipate miliampea 65, bodi nzima inahitaji 18 × 0.065, yaani ampea 1.17. Volti ni 16 × 2.75, yaani 44. Zidisha: wati 51 hivi. Ukitaka kuisukuma zaidi, miliampea 120 kwa chipu, mkondo wa bodi ni ampea 2.16. Volti za chipu zitapanda kidogo, tuchukue 2.85, kwa hiyo bodi itakaa kwenye 45.6. Wati zinakuja zenyewe: 98.

Mnaona wati zimejitokeza wapi? Mwisho kabisa. Bodi ileile ni ya wati 51 na ni ya wati 98. Anayekuuliza "bodi yako ni ya wati ngapi" bila kutaja mkondo, hajakuuliza kitu kamili.

Sasa draiva. Kwenye kibandiko cha draiva ya mkondo thabiti kuna mambo mawili ya kutazama kabla ya mengine yote: mkondo wake, na dirisha la volti, yaani volti za chini na za juu ambazo inaweza kutoa ikishika mkondo huo. Mfano Mean Well HLG-240H-C2100: mkondo miliampea 2100, dirisha volti 59 hadi 119. Bodi mbili za juu ukiziunga kwa mfuatano zinakuwa kwenye volti 91. Zimeingia dirishani vizuri. Bodi moja pekee, 45.6, iko chini ya dirisha: itapepesa au draiva itajizima na kujiwasha. Bodi tatu ni 137, iko juu ya dirisha: mkondo hautafika unapotakiwa, au taa haitawaka kabisa. Draiva ni ileile, bodi ni zilezile, na wati za bodi moja "zinatosha" kabisa kwenye draiva ile. Lakini haifanyi kazi.

Mwenye swali aweke aina ya chipu au bodi, idadi, na draiva anayoifikiria.

---

Rehani_Dirishani

Asante sana mkuu kwa uzi. Mimi nina COB (chipu nyingi za LED zilizounganishwa kwenye kipande kimoja) moja ya volti 36. Nimeona draiva imeandikwa volti 36, wati 100, na COB yangu inasema volti 36, wati 100. Si vinalingana hivyo?

---

MicheNaMwanga

Dada, inategemea hiyo draiva inashika nini. Tazama kibandiko. Ikiwa inashika volti 36 na kuacha mkondo ujiamulie, usiiunge.

Sababu ni joto. COB ya volti 36 kwa kawaida ina chipu 12 kwa mfuatano ndani yake. Kila chipu ikipata moto, volti zake zinashuka kwa takriban milivolti 2 kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi. Chipu 12 ni milivolti 24 kwa nyuzi. COB ikipanda nyuzi 40 kutoka ilipokuwa baridi, inahitaji karibu volti moja pungufu kupitisha mkondo uleule. Draiva ya volti thabiti haijui hilo. Inaendelea kutoa 36. Mkondo unapanda, COB inapata moto zaidi, volti zinazohitajika zinashuka tena, mkondo unapanda tena. Mzunguko huo hauishii pazuri.

Draiva ya mkondo thabiti ikiona hali ileile, yenyewe ndiyo inayoshusha volti. COB ikipoa au ikichemka, mkondo unabaki palepale.

Kwa hiyo tafuta draiva yenye mkondo unaoutaka COB yako ifanyie kazi, si ule wa kikomo chake, na dirisha la volti linaloifunika 36 kwa nafasi huku na huku. Nafasi ya juu ni muhimu, maana taa ikiwa baridi kabisa wakati wa kuwashwa, volti zake ziko juu kuliko za kawaida.

---

KivuliChaNyanya

Hapa naomba nipingane kidogo. Taa za ukanda za volti 24 zinawaka miaka na miaka kwa draiva za volti thabiti, hazishiki mkondo wowote. Mbona hazichomeki?

---

FundiSaketi

Mkuu Kivuli, zinashikwa mkondo, ila ndani ya ukanda wenyewe. Tazama kwa karibu utaona vile vipande vidogo vyeusi kati ya chipu: ni rezista. Kila kipande cha ukanda kinachokatika kina chipu chache kwa mfuatano pamoja na rezista yake. Kwa mfano chipu 7 za volti 2.8 zinachukua 19.6. Zilizobaki 4.4 zinamezwa na rezista na kuwa joto. Hiyo ni asilimia 18 ya umeme wako kabla haujawa mwanga.

Kwa taa ya mapambo, sawa. Kwa taa inayowaka saa 16 kwa siku juu ya miche, hiyo 18 unailipia kila siku, na joto lake linaingia palepale ulipopachika chipu. Ukanda nautumia kwa miche michanga tu, rafu fupi, wati chache. Zaidi ya hapo bodi na draiva ya mkondo thabiti.

Na kama unatumia ukanda wa volti 12, angalia waya. Wati 100 kwa volti 12 ni ampea 8.3. Peleka mkondo huo mita 5 kwa waya wa shaba wa milimita 1.5 za mraba, kwenda na kurudi ni mita 10, ukinzani wake ni omu 0.115. Unapoteza karibu volti nzima njiani kati ya 12. Mwisho wa ukanda utaona mwanga umefifia. Bodi ya volti 45 kwa wati zilezile haitasumbuka na umbali huo.

---

KivuliChaNyanya

Nimekuelewa mkuu, rezista sikuwa nazitilia maanani. Basi nina swali la pili: bodi mbili niziunge kwa mfuatano au sambamba? Kila ninayemuuliza ana dini yake.

---

FundiSaketi

Mimi ni wa mfuatano, na sababu yangu ni moja: mkondo ni uleule kila mahali. Bodi ya kwanza haiwezi kuiibia ya pili. Hata zikiwa zimetofautiana kidogo kiwandani, au moja ikiwa imekaa penye joto zaidi, mkondo ni mmoja.

---

MicheNaMwanga

Nakubali kwa bodi zisizofanana. Lakini mkuu Fundi, hilo lina gharama ya usalama ambayo hatuizungumzii vya kutosha. Bodi mbili kwa mfuatano zimefika volti 91 za umeme wa moja kwa moja. Hapo umeshavuka 60, mpaka ambao viwango vingi vya usalama huutumia kwa umeme wa aina hii unaohesabika kuwa mtu anaweza kuugusa. Na mahali penyewe ni penye maji: unanyunyizia, mikono imelowa, trei zinamwagika. Sehemu za kuunganishia kwenye bodi nyingi ziko wazi kabisa.

Kwa watu wanaoanza, mimi nashauri sambamba chini ya volti 60, kwa masharti. Bodi ziwe za aina moja, toleo moja, zimefungwa kwenye bamba la kupozea la aina moja, na waya ziwe na urefu sawa. Draiva kama HLG-240H-48A inafaa hapo: inatoa hadi ampea 5, na inashika mkondo kati ya volti 24 na 48. Bodi zetu mbili zinahitaji 45.6 na ampea 4.32. Jumla wati 197 kwenye draiva ya 240, asilimia 82. Pumzi ipo.

---

FundiSaketi

Waya wa bodi moja ukichomoka je? Hili ndilo linalonikosesha raha na sambamba. Draiva inaendelea kusukuma ampea 4.32 zote kwenye bodi iliyobaki. Gawanya kwa mistari 18: miliampea 240 kwa chipu. Kikomo ni 200. Umeipoteza bodi nzima kwa sababu ya skrubu iliyolegea.

---

MicheNaMwanga

Hoja ya kweli, na dawa yake ipo: fyuzi moja kwa kila bodi, upande wa chanya, ya kukatika haraka, iliyochaguliwa ili ibebe mkondo wa bodi moja na ikatike ikipitiwa na ule wa bodi mbili. Bodi moja ikitoka, mkondo wote unakimbilia nyingine, fyuzi yake inakatika, taa zote zinazimika. Utapoteza saa chache za mwanga na fyuzi moja.

Mtu asichukue ushauri wa sambamba akauchanganya na chipu za rangi tofauti. Chipu nyekundu za nanomita 660, ambazo wengi tunaziongeza, zina volti 2.1 hivi kila moja. Mstari wa nyekundu 16 ni volti 33.6, wa nyeupe 16 ni 44. Ukiziweka sambamba kwenye draiva moja, nyekundu zitabeba mkondo wote na nyeupe zitabaki giza, mpaka nyekundu zife. Unaweza kuongeza idadi ya nyekundu hadi 21 ili volti zikaribiane, na kuna bodi zinazotengenezwa hivyo na wanaojua wanachofanya. Kwa anayejiungia nyumbani, nyekundu zipewe draiva yake ndogo. Na faida ya ziada ni kwamba unaweza kuzipunguza au kuziongeza bila kugusa nyeupe.

---

Rehani_Dirishani

Herufi za mwishoni mwa majina ya draiva zinanichanganya. Kuna A, kuna B. Na nimesoma kuwa kufifisha taa kunapunguza uhai wake, ni kweli?

---

MicheNaMwanga

Kwenye familia hiyo ya HLG, A ina potenshomita ndani, unaifikia kwa bisibisi ndogo kwenye mashimo yaliyofunikwa kwa mpira. B ina waya mbili za ziada za kufifishia kutoka nje. Unaweza kuzipa ishara ya volti 0 hadi 10, au mapigo ya PWM (ishara inayowaka na kuzima haraka mno), au kuunga tu potenshomita ya kiloomu 100. Ukifunga draiva kadhaa kwenye kitasa kimoja, gawanya 100 kwa idadi yake: draiva mbili, kiloomu 50. Ukiziacha waya hizo wazi, draiva inatoa mkondo wote, kwa hiyo usishangae ukiiwasha mara ya kwanza ikiwa kwenye kilele.

Kuhusu kufifisha, ni kinyume. Draiva hizi zinashusha mkondo wenyewe, na LED kwa mkondo mdogo inatoa mwanga mwingi zaidi kwa kila wati na inabaki baridi. Ndiyo sababu napendelea bodi mbili kwa nusu mkondo kuliko moja kwa mkondo wote. Mwanga unasambaa vizuri pia, pembeni mwa rafu hapabaki na giza. Ila usiishushe draiva hadi mzigo mdogo sana ukategemea ufanisi wake ubaki uleule. Draiva nzuri iliyobebeshwa vizuri hufikia asilimia 90 na zaidi, na chini ya nusu ya mzigo ufanisi huanza kushuka. Kwa hiyo kununua draiva ya wati 480 kwa bodi ya wati 50 "kwa ajili ya baadaye" hakukusaidii leo.

Na mkondo wenyewe uamuliwe na mmea. Bodi nzuri hutoa takriban mikromoli 2.5 za mwanga unaotumika na mmea kwa kila jouli ya umeme. Wati 98 ni kama mikromoli 245 kwa sekunde. Zikitua zote juu ya mita moja ya mraba, ndiyo PPFD (mwanga wa mmea unaotua kwenye kila mita ya mraba kwa sekunde) ya 245, na kiuhalisia ni pungufu kidogo maana mwingine unapotelea kwenye kuta. Zidisha kwa saa 16 na 0.0036 upate jumla ya siku: moli 14. Letisi na mrehani vinafurahi hapo. Nyanya na pilipili zinazozaa zinataka mara mbili yake hivi. Miche iliyoota juzi inataka nusu au chini, na hapo ndipo kitasa cha kufifisha kinapolipa thamani yake.

---

MtiWaKivulini

Naomba msaada, wadau. Nimeweka swichi kati ya draiva na bodi ili niwe nazima bodi moja bila kuzima draiva. Siku nilipowasha ile swichi, bodi ilimulika kwa nguvu sana mara moja kisha mistari kadhaa ikafa. Draiva ni ya mkondo thabiti, miliampea 1400. Sasa kama inashika mkondo, kimeunguza nini?

---

FundiSaketi

Pole sana. Draiva inashika mkondo, lakini inahitaji muda mfupi kuugundua. Bodi ikiwa imekatwa, draiva inatafuta pa kupeleka miliampea 1400, haipati, inapandisha volti hadi kilele chake. Kapasita zake za kutolea umeme zinajaa volti hizo. Ukifunga swichi, kapasita zinamwaga zote kwenye bodi kabla saketi ya kudhibiti haijafanya chochote. Bodi iliyokusudiwa kukaa, tuseme, volti 90 inapokea zaidi ya mia kwa kufumba na kufumbua.

Kanuni ni hii: unga bodi kwanza, washa draiva baadaye. Swichi, taima, soketi ya kudhibitiwa kwa simu, vyote vikae upande wa umeme unaoingia kwenye draiva. Na ukiizima, usichomoe waya za bodi papo hapo. Subiri mwanga ufe kabisa.

---

MicheNaMwanga

Mti, bodi yenye mistari iliyokufa usiirudishe kwenye mkondo uleule. Mistari iliyobaki itagawana mkondo wote. Kama ilikuwa na 18 na sasa 13 inawaka, punguza mkondo kwa uwiano huohuo au chini yake, kisha pima.

Na kupima nako kuna utaratibu. Maltimita ikiwa kwenye ampea inaungwa kwa mfuatano na bodi, draiva ikiwa imezimwa wakati wa kuunga. Usiweke nchani mwa chanya na hasi kama unavyopima volti. Kipima mkondo cha kubana waya ni salama zaidi, ila hakikisha kinapima umeme wa moja kwa moja, maana vingi vinapima ule wa ukutani tu. Kisha, kipimo cha sekunde ya kwanza si kipimo. Acha taa iwake nusu saa ipate joto lake, halafu andika volti na mkondo.

---

KivuliChaNyanya

Draiva ikae wapi? Yangu nimeipachika juu ya bamba la taa, naona imekuwa moto wa kutoshikika.

---

MicheNaMwanga

Itoe hapo. Draiva ya wati 200 yenye ufanisi wa asilimia 92 inatoa joto la wati 17 yenyewe, na umeiongezea joto la bodi. Kinachozeeka kwanza ndani yake ni kapasita zenye majimaji, na kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 unazopunguza zinakaribia kuzidisha uhai wake mara mbili. Ipachike ukutani, nje ya hema kama unatumia hema, penye hewa inayopita. Waya za umeme wa moja kwa moja zirefuke badala yake. Kwa mkondo wa ampea 4.3 na ule waya wa milimita 1.5 aliousema Fundi, mita 5 zinakula nusu volti, wati 2 tu, na kwa kuwa draiva inashika mkondo, bodi haitajua.

Waya wa ethi ufungwe kwenye draiva na kwenye bamba la aluminiamu pia, si kimoja tu. Tafadhali msiache hili. Bamba ni metali iliyoning'inia juu ya maji, na kinga pekee ya bodi ni tabaka jembamba chini ya chipu.

---

Rehani_Dirishani

Swali langu la mwisho. Nikiongeza hadi draiva nne, zote kwenye taima moja ya soketi. Jumla ampea 3.5 tu na taima imeandikwa ampea 10. Iko salama?

---

FundiSaketi

Kwa mkondo wa kawaida, ndiyo. Kwa sekunde ile ya kuwasha, hapana. Kapasita za kuingilia za kila draiva zikiwa tupu zinavuta mkondo mkubwa mara nyingi kuliko wa kawaida, kwa muda mfupi mno, na draiva nne zinavuta kwa pamoja. Taima ndogo zikifanya hivyo kila siku, ncha zake za ndani zinaungana na taa hazizimiki tena usiku. Au sakiti breka inaanguka kila alfajiri na hujui kwa nini.

Weka kontakta, yaani swichi imara inayofungwa kwa umeme: taima iwashe koili ya kontakta tu, na kontakta ndiyo ibebe draiva. Au tumia taima mbili, draiva mbili kila moja, zipishane dakika moja. Breka ikiwa bado inaanguka, muulize fundi wa umeme aangalie kama ni ya aina B. Ya aina C inavumilia zaidi mkupuo wa kuwasha, ila kubadilisha ni kazi yake, kwa kuwa lazima alinganishe na waya zilizo ukutani.

---

Rehani_Dirishani

Nimeelewa, nitaweka kontakta. COB yangu nitaitafutia draiva ya miliampea 1400, kama wati 50, ikae kwa raha. Mrehani upo sentimita 40 chini yake.

---

MicheNaMwanga

Mkondo huo ni mzuri. Hakikisha 36 iko katikati ya dirisha la draiva, si ukingoni. Sentimita 40 ni karibu kwa COB kwa kuwa mwanga wote unatoka sehemu moja; anza na 60, na majani ya katikati yakibaki ya kijani bila kupauka, shusha kidogo kidogo.